Kijana wangu anataka kuwa fundi wa makombora ya nyuklia. Nimwachie aende?

"Shikamoo kaka. Nina kijana wa miaka 19, mzaliwa wa hapa Iowa. Amerudi nyumbani na karatasi za jeshi la anga la Marekani, anasema atafundishwa kutengeneza makombora ya nyuklia, kisha apelekwe Montana au Dakota. Mimi ule usiku wa Februari 2011 nilikuwa Dar kumwona mama, mabomu ya Gongo la Mboto yakalipuka, tukakimbia pekupeku na huyu huyu kijana nikiwa nimembeba mgongoni. Leo anataka kwenda kukaa juu ya bomu. Baba yake anasema mionzi itamfanya asizae. Shangazi yake anasema atanyang'anywa Utanzania. Afisa usajili anasema ni kazi salama na atasomeshwa bure. Nimsikilize nani? Na akitoka huko atafanya kazi gani, maana sijaona gereji ya makombora?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na Gongo la Mboto, maana naona usiku ule ndio ulioshika kalamu.

Pale, na Mbagala mwaka 2009, yalilipuka maghala. Mabomu ya kila aina yamewekwa pamoja, likipasuka moja linamwasha jirani yake, vipande vinaangukia paa za watu, na kila msiba kati ya hiyo miwili uliua watu zaidi ya 20. Huko anakotaka kwenda kijana wako hakuna rundo la namna hiyo. Kombora analozungumzia, Minuteman III, hukaa peke yake ndani ya shimo la zege lenye kina cha mita 24 hivi, na shimo la jirani liko karibu kilomita tano mbali. Yako 400 kwa jumla, yametawanywa Montana, Dakota Kaskazini, na kule Wyoming inakopakana na Colorado na Nebraska. Ukipita barabarani huoni kitu cha kutisha: uzio wa seng'enge, nguzo chache, kifuniko cha zege, na ng'ombe wa mwenye shamba wanakula majani pembeni.

Kichwa cha nyuklia nacho hakilipuki kwa kuanguka au kuungua kama fataki. Ili kitoe ule mlipuko wa nyuklia, baruti inayokizunguka kiini lazima iwake pande zote kwa mpigo mmoja, kwa usahihi wa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ikiwaka ovyo, kinachotokea ni mlipuko wa kawaida na madini ya sumu kutawanyika. Hilo si jambo dogo. Lilitokea Palomares, Hispania, mwaka 1966, ndege ilipodondosha mabomu manne na baruti ya mawili ikalipuka. Mashamba ya watu yakachafuka kwa plutoniamu. Kwa hiyo sikuambii hakuna hatari, nataka tu uogope kitu chenyewe badala ya kivuli chake.

Ajali ambayo kila fundi wa makombora anaijua ni ya Damascus, Arkansas, Septemba 1980. Kombora lilikuwa Titan II, la zamani, lenye mafuta ya maji. Fundi kijana alikuwa anashughulikia kifuniko cha tangi, soketi ikachomoka kwenye spana. Soketi yenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu. Ikaanguka zaidi ya mita 20 ndani ya shimo, ikadunda, ikatoboa tangi. Mafuta yakavuja kwa saa kadhaa, na alfajiri ya siku ya pili shimo likalipuka. Kichwa cha nyuklia, kimoja cha nguvu kubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo kwenye makombora, kilirushwa nje ya shimo na hakikulipuka. Askari mmoja alifariki, zaidi ya 20 walijeruhiwa. Titan II yote iliondolewa mwaka 1987. Minuteman haina mafuta ya maji ya kuvuja kwenye hatua zake tatu kubwa. Fueli yake ni mango, imemiminwa ndani ya ganda ikaganda, ukiigusa utadhani raba ya kufutia penseli. Ni vigumu kuiwasha kwa bahati mbaya, ila ikishawaka haizimiki. Ndiyo maana fundi huunganishwa na waya wa ardhini kabla ya kugusa chochote, asije akabeba cheche ya umeme kwenye nguo zake.

Nikuambie mimi ni nani, usije ukadhani nimesoma tu. Nilikulia Tanga, nikaja huku kwa bahati nasibu ya viza, nikajiunga na jeshi la anga nikiwa na grini kadi. Kwa kuwa sikuwa raia, mlango wa makombora ulikuwa umefungwa; nikaanza na kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege. Nilipopata uraia nikaomba kubadilishiwa kazi. Kambi niliyotumikia ni mojawapo ya zile tatu zinazotunza makombora haya, tuiache hapo.

Swali ambalo hujaniuliza, lakini ndilo lenye jibu la mengine, ni hili: kombora ambalo halijawahi kurushwa linaharibika nini hata lihitaji fundi? Watu wengi hulifikiria kama bunduki iliyotundikwa ukutani. Sivyo. Ndani ya mfumo wa uelekezaji kuna jairoskopu, magurudumu madogo yanayolijulisha kombora limekaa vipi na linatazama wapi. Hayo huzunguka mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, kwa sababu kombora linatakiwa liwe tayari muda wote. Kinachozunguka hupata joto, kwa hiyo kuna kipoza maji, kuna pampu, kuna mabomba. Shimo limechimbwa ardhini, kwa hiyo maji ya mvua na theluji yanatafuta njia ya kuingia. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta ya dizeli lazima iwake yenyewe, na betri zishike mzigo katikati. Fueli mango nayo huzeeka: ikipata ufa, siku ya kuwaka moto utaingia kwenye ule ufa, eneo linaloungua litaongezeka ghafla, na mgandamizo utapasua ganda. Minuteman III iliingia kazini mwaka 1970 ikitarajiwa kudumu miaka kumi. Hesabu mwenyewe imezidisha mingapi. Kijana wako atakuwa fundi wa gari la babu ambalo haliruhusiwi kukataa kuwaka hata asubuhi moja.

Kwa hiyo siku yake itakuwaje? Anaamka saa kumi usiku. Wanasomewa hali ya hewa, barabara na kazi ya siku. Wanakagua vifaa. Kisha safari, mara nyingine saa mbili au tatu, kiasi kikubwa barabara ya changarawe. Wakifika hawaingii tu. Wanajitambulisha kwa msimbo wa siri kwa maafisa wawili walio kwenye chumba cha chini ya ardhi, maili nyingi kutoka hapo. Maafisa hao ndio wanaokesha na makombora kumi kumi, na amri ya kurusha hutoka kwa rais peke yake. Fundi harushi kitu, hilo mwondolee shaka baba yake. Baadaye inafunguliwa milango, na mmoja wao ni kizibo kizito cha chuma na zege kinachoshuka polepole kama jua la magharibi. Unaweza kusimama hapo juu kwenye baridi ya digrii 30 chini ya sifuri, upepo wa Montana unakukata masikio, ukingoja kizibo kishuke ndipo uende kubadilisha kitu kinachochukua dakika arobaini. Kisha ufunge yote, na safari ya kurudi. Siku ya saa 14 si ajabu.

Na kila hatua inasomwa kwenye kitabu. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafanya na kujibu. Hata kama umeifanya kazi hiyo mara mia, kuifanya kwa kichwa ni kosa. Hakuna kukaa peke yako karibu na silaha, lazima muwe wawili, kila mmoja akijua vya kutosha kumshtukia mwenzake. Sanduku la vifaa lina sponji iliyokatwa umbo la kila spana na kila soketi, ukifungua tu unaona kitanda kipi kiko wazi. Usiku mmoja mwishoni mwa kazi nikafungua sanduku langu na kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Soketi ndogo ya milimita kumi. Tulikaa pale hadi kukapambazuka, watu wanane, tukipekua kila jukwaa kwa tochi, simu zinapigwa makao makuu, na hakuna aliyenitukana, jambo lililoniuma zaidi. Ilikutwa ndani ya bitana ya koti langu, imepitia tundu la mfuko. Tangu siku ile nashona mifuko yangu mwenyewe, mke wangu hanielewi mpaka leo.

Nimekupa hadithi hiyo kwa makusudi. Mtazame kijana wako: akipika ugali kwa mara ya mia, anapima unga au anakadiria? Akipewa samani ya kuunganisha, anasoma karatasi au anaitupa? Mjanja wa kutafuta njia za mkato, hata awe na akili ya umeme kiasi gani, kazi hii itamtesa, na yeye ataitesa. Mtulivu, mwenye kuvumilia kurudia kitu kile kile, ataipenda.

Sasa mionzi. Mume wako hayuko mbali na ukweli, ila amekosea mlango. Plutoniamu iliyofungwa ndani ya kichwa hutoa zaidi mionzi ya aina isiyopenya hata ngozi. Inayopenya ni kidogo, na wanaovishika vichwa hivyo huvaa kipimo kifuani kinachosomwa mara kwa mara. Sijaona fundi aliyekosa watoto kwa sababu hiyo, na mimi mwenyewe ninao wanne. Ninachotaka mkiulizie ni kemikali. Mashimo na vyumba vile vilijengwa miaka ya 1960. Kipoza maji cha mfumo wa uelekezaji kilikuwa na kromati ya sodiamu, ambayo ni sumu yenye kuleta saratani. Vifaa vya umeme vya zamani vilikuwa na mafuta ya PCB, nayo ni kemikali ya sumu. Mwaka 2023, baada ya maafisa waliotumikia Malmstrom huko Montana kulalamika kwamba wenzao wengi wanaugua saratani ya tezi za limfu, jeshi la anga lilianza uchunguzi kwenye kambi zote tatu, na Malmstrom wakakuta PCB kupita kiwango kwenye baadhi ya vyumba vya kukeshea. Kwa hiyo afisa usajili akikuambia "ni salama" bila kutaja hilo, amekupunguzia habari. Kijana avae glavu na barakoa hata wakubwa wakiwa na haraka, na kila alichomwagikiwa, kila moshi aliovuta, ahakikishe umeandikwa kwenye faili lake la hospitali siku hiyo hiyo. Miaka 20 baadaye, akidai matibabu, faili ndilo litakalomsemea.

Hata hivyo, ukiniuliza ni kitu gani kilichonitia hofu zaidi kwa wenzangu, nitakujibu kwamba ni barabara za huko. Magari mazito, barafu, changarawe, dereva wa miaka 20 aliyeamka saa kumi usiku. Mwaka 2008 huko Dakota Kaskazini gari lililobeba roketi isiyo na kichwa lilipinduka. Kisha upweke. Great Falls, Minot na Cheyenne, miji iliyo jirani na kambi hizo, si Dallas wala Minneapolis. Atatafuta mtu wa kusema naye Kiswahili mpaka achoke, na saa tisa alasiri za Desemba jua limeshaanza kuaga. Wengi wanaovunjika kazini huvunjikia hapo.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Wanaogusa silaha za nyuklia huwekwa chini ya mpango wa kuangaliwa uaminifu wao kila siku, unaitwa PRP. Dawa aliyoandikiwa na daktari wa meno, deni, ugomvi na mchumba, huzuni: vyote vinaripotiwa. Anaweza kusimamishwa kugusa silaha kwa wiki mbili kwa sababu ya dawa ya maumivu tu, halafu akarudishwa. Si adhabu. Vijana wanaoiona kama adhabu huficha, na kuficha ndiko kunakowafukuzisha. Mwambie mapema kwamba akizidiwa rohoni aende kwa kasisi wa kambi au daktari, na kwamba wewe hutaona aibu akisimamishwa. Akikupigia na ukasikia sauti si yake, usingoje kesho. Namba 988, kisha abonyeze 1, ni ya wanajeshi na hupokelewa usiku na mchana.

Shangazi yake je? Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kijana wako amezaliwa Marekani na ameshavuka miaka 18. Suala lake la Utanzania limeletwa na umri na pasipoti, jeshi halijaongeza wala kupunguza. Angekuwa Mkenya, katiba ya 2010 ingemruhusu kushika vyote viwili. Kurudi kusalimia bibi ataruhusiwa, ila ataomba kibali na kuripoti safari kabla hajaondoka. Na hapa ninyi nyote mtaingia: fomu ya uchunguzi wa usalama, SF-86, itamuuliza ndugu walio nje, anayewasiliana nao, pesa anazowatumia. Mjomba aliye JWTZ aandikwe. Pesa za kila mwezi za bibi Tanga au Mbeya ziandikwe. Kuwa na ndugu Afrika hakumnyimi kazi, nilikuwa nao ukoo mzima. Kuficha ndiko kunakomnyima, na kusema uongo kwenye fomu ile ni jinai. Mkae naye mezani mjaze pamoja, maana majina ya shangazi zake hayajui nusu.

Kuhusu kazi ya baadaye, hapo umeuliza swali la mama mwenye akili. Atazame nambari ya kazi kwenye mkataba, inaanza na 2M0X na tarakimu ya mwisho ndiyo yenye maana. 1 ni elektroniki. 2 ni umakanika wa kombora lenyewe: kulishusha, kulipandisha, kubadilisha sehemu zake. 3 ni mitambo ya kituo: jenereta, viyoyozi, pampu, umeme. Ile ya 2 ndiyo yenye picha nzuri za kutuma nyumbani, lakini uraiani ndiyo ngumu zaidi kuieleza. Fundi wa ndege anaweza kutumia miezi 30 ya kazi yake jeshini kuomba kufanya mitihani ya leseni ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Fundi wa kombora hana njia iliyonyooka hivyo. Ile ya 3 haina sifa kijiweni, ila hospitali, kiwanda na hoteli zote zina jenereta. Angekuwa mwanangu, ningemsukuma kwenye 3 au 1. Wapo pia wanaochukuliwa na kampuni za roketi za Florida na California, au na Northrop Grumman inayotengeneza Sentinel, kombora litakalomrithi Minuteman. Mradi huo umechelewa na gharama imepanda, makadirio ya mwaka 2024 yalifika karibu dola bilioni 141, kwa hiyo kazi ya babu itaendelea miaka mingi bado.

Kusomeshwa bure ni kweli, ila kuna utaratibu. Mafunzo ya awali ni wiki saba na nusu Lackland, San Antonio, kisha ufundi Vandenberg, California, na masomo hayo yanahesabiwa kuelekea shahada ndogo ya chuo cha jeshi la anga chenyewe. GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, hulipa chuo kikuu baadaye. Muda wa kutumikia ni miaka minne au sita, lakini dhamana yote kisheria ni minane. Inayobaki ni ya akiba, na anaweza kuitwa. Kazi aliyoahidiwa iwe imeandikwa kwenye mkataba. Kama imeandikwa tu "eneo la elektroniki" au "eneo la mekanika", anaweza kuishia popote. Na kama amekula kiapo cha kwanza tu na hajaondoka kwenda Lackland, bado anaweza kujitoa kwa barua, asikubali kutishwa.

Mambo mawili msiyamalize kwa barua yangu. Kama amewahi kuwa na pumu, kifafa au dawa za akili, aende kwa daktari wake mwenyewe na achukue rekodi kabla ya kipimo cha jeshi. Na kama dhamiri inamsumbua kwamba anatunza silaha ya kuua miji, azungumze na kiongozi wenu wa dini ana kwa ana sasa hivi, kabla ya kusaini. Niliwaona waliogundua mwaka wa pili kwamba hawawezi. Kutokea hapo ni njia ndefu na yenye machozi. Mimi nililala vizuri, lakini sitaki usingizi wangu uwe jibu lake.

Toka Des Moines mpaka Wall, South Dakota, ni mwendo wa saa nane au tisa kwa gari. Barabara kuu ya I-90, tokeo la 116, kuna shimo la Minuteman lililogeuzwa makumbusho, linaitwa Delta-09. Limefunikwa kioo na ndani kuna kombora la mafunzo. Nendeni naye mwezi wa kwanza, si Julai. Mwache asimame pale nje dakika ishirini bila simu, wewe ubaki ndani ya gari na chai yako ya maziwa. Akirudi, muulize kama anataka kukaa nyingine ishirini.